Lita Kumi na Moja

Siku za mwizi ni arobaini. Ndivyo tulivyofundishwa, nami niliwafundisha hivyo watoto wa watu kwa miaka 38. Lakini methali hiyo haituambii la kufanya iwapo siku arobaini zimetimia na ikaonekana kwamba mwizi hakuwapo kabisa.

Nilistaafu mwaka 2012, mwaka ule ule Njombe ilipofanywa kuwa mkoa baada ya kumegwa kutoka Iringa. Mwaka uliofuata nilitumia sehemu ya kiinua mgongo changu kununua Toyota Corolla iliyokwisha kutumika Japani, yenye injini ya lita moja na nusu. Majirani walinicheka kidogo. Mzee mwenye shamba, walisema, angenunua pikapu. Mimi nilitaka gari linywalo kidogo. Mtu aliyeishi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati petroli ilipokuwa haba nchini na magari ya watu binafsi yakizuiwa kutembea Jumapili alasiri, hawezi kuitazama petroli kama maji ya mto. Wakati ule nilikuwa na baiskeli tu, lakini shule yetu ilikuwa na mashine ya kusaga, nami nakumbuka nilivyokuwa nikizunguka na dumu na barua yenye mhuri kutafuta lita tano.

Kwa hiyo tangu siku ya kwanza niliweka daftari. Kila nilipojaza tangi niliandika tarehe, kilomita na lita. Mwisho wa mwezi niligawanya. Mke wangu alikuwa akisema kwamba gari lile lina mahudhurio mazuri kuliko wanafunzi wangu wote. Kwa miaka miwili na ushei gari lilinipa kilomita 13 kwa lita moja, likizidi kidogo au kupungua kidogo. Nilijivunia namba hiyo kama mwalimu anavyojivunia darasa lililofaulu.

Mwisho wa mwaka 2015 macho yangu yalianza kuingia ukungu. Daktari alisema ni mtoto wa jicho na kwamba nisubiri upasuaji. Sikuweza tena kuendesha. Nikamtafuta kijana wa kuniendesha, na Januari 2016 nikampata mmoja aliyekuwa mwanafunzi wangu zamani huko Makambako. Mama yake anakaa si mbali na stesheni ya TAZARA. Sitamtaja jina, maana yeye hakuniomba nimwandike. Alikuwa kijana mtulivu, mwenye leseni safi, na hadi siku ya mwisho hakuwahi kuniita kwa jina jingine isipokuwa Mwalimu.

Sasa nieleze yaliyotokea mwaka huo kwa mpangilio, kwa sababu kosa langu lilijificha ndani ya mpangilio huo.

Huku kwetu hatuna vuli na masika kama watu wa pwani. Tuna mvua za mfululizo, tunazoziita kifuku, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, kisha ukavu, na katikati ya ukavu huo kipupwe cha Juni na Julai, ambacho mtu wa Dar es Salaam akiambiwa ni Tanzania hii hii haamini. Mwishoni mwa Machi 2016, kwenye kifuku kikali, gari lilikwama matopeni njia ya shamba na kupata joto kupita kiasi. Fundi mmoja alilitazama, akatoa kidude fulani kwenye njia ya maji ya rejeta, akasema kidude hicho ndicho kinachozuia maji na kwamba magari ya Afrika hayakihitaji. Gari halikuchemka tena. Nikamlipa, nikamshukuru.

Mwezi Mei ukafika wakati wa kubadili oili. Dukani nikaambiwa, “Mzee, injini imeshazeeka hii, inataka oili nzito.” Neno “kuzeeka” liliniingia vizuri, kwa kuwa hata mimi viungo vyangu vilikuwa vikitaka kupakwa kitu kizito. Wakatia 20W-50. Mwezi huo huo mke wangu akafungua kibanda cha nafaka sokoni Njombe, kilomita tatu kutoka nyumbani, na gari likaanza kumpeleka alfajiri na kumrudisha jioni. Safari za Makambako, ambazo zamani nilizifanya karibu kila wiki, zikapungua hadi moja kwa mwezi.

Aprili kilomita kwa lita zilishuka hadi 12. Nikasema ni matope. Juni zikawa chini zaidi. Julai nilimwomba mjukuu anisomee namba kwa sauti, kwa sababu ya macho: kilomita 490, lita 49. Kilomita 10 kwa lita! Nikachukua kalamu. Kama gari lingekuwa linakwenda kilomita 13, kilomita 490 zingehitaji lita zisizofika 38. Lita 11 zilikuwa hazijulikani zilipokwenda.

Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Hilo ndilo linalonisikitisha hadi leo. Nilikuwa na hesabu sahihi na hukumu ya uongo.

Nilimwita kijana jioni, nikafungua daftari mezani. Sikumpigia kelele. Mwalimu mkuu wa miaka mingi hapigi kelele, huuliza tu kwa namna ambayo jibu lake limekwisha kuamuliwa. Nikamwuliza lita 11 zimekwenda wapi. Akasema, “Mwalimu, sijachukua hata kifuniko kimoja.” Kisha akasema jambo ambalo laiti ningelisikiliza: “Tangu fundi alipotoa kile kidude, geji ya joto haipandi. Tunafika sokoni mshale bado uko chini.” Nikamjibu kwamba gari lisilopata joto ni gari zima, asibadili mada. Nilikuwa nimesikia visingizio vya watoto kwa miaka 38 na niliamini ninavijua vyote.

Nilimwachisha kazi siku hiyo, na mshahara wa mwezi huo nikauzuia kufidia mafuta. Baya zaidi, nilimpigia simu mama yake nikamweleza sababu. Kijana alikunja nguo zake, akaja kuniaga kwa heshima zote, akasema, “Mwalimu, ulinifundisha kujumlisha na kutoa. Leo umenitoa mimi.” Nikadhani ni kiburi.

Novemba mwaka huo nilifanyiwa upasuaji wa macho, na Desemba nikashika usukani tena. Wakati huo hali ya hewa ilikuwa ya joto kidogo, na gari lilinipa kilomita 11 na nusu. Nikajiambia kwamba ni barabara mbaya. Kisha ukaja Juni 2017. Gari lilikuwa mikononi mwangu tu. Funguo zililala chini ya mto wangu. Mwisho wa mwezi nikagawanya: kilomita 510, lita 50. Kilomita 10.2 kwa lita.

Nilikaa kimya mezani muda mrefu. Mke wangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia, “Mwizi amerudi.” Akauliza ni nani. Nikasema, “Ni mimi.”

Nilisomea ualimu Mpuguso, Tukuyu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Wachina na Watanzania walipokuwa wakitandika reli iliyokuja kupita Makambako. Mkufunzi wetu wa sayansi alikuwa na amri moja: katika jaribio, badili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, vinginevyo hutajua ni kipi kilicholeta matokeo. Amri hiyo niliiandika ubaoni mara nyingi. Sasa nikaona kwamba mwaka 2016 nilibadili vitu vitano kwa pamoja: dereva, kile kidude cha fundi, oili, aina ya safari na majira ya mwaka. Kati ya hivyo vitano nikakichagua kimoja, kile chenye uwezo wa kulia.

Nilianza na oili, kwa kuwa ndiyo niliyoifahamu kidogo. Ndani ya gari kulikuwa na kitabu chake, chote kwa Kijapani. Sijui herufi hata moja ya Kijapani. Lakini namba ni namba, na kwenye ukurasa wenye picha ya kopo la oili nilikuta 5W-30 na 10W-30, na mchoro wa kipimajoto kando yake. Hapakuwa na 20W-50.

Namba hizi hazina uchawi. Madaraja hayo yaliwekwa na chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, kilichoanzishwa mwaka 1905. Namba ya mwisho hueleza uzito wa oili injini ikiwa imekwisha kupata moto, ikipimwa kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Namba ya mwanzo, yenye herufi W, hueleza inavyokuwa kwenye baridi, na herufi hiyo imetokana na neno la Kiingereza la majira ya baridi. Namba ya mwanzo ikiwa ndogo, oili hutiririka upesi asubuhi. Mama yeyote wa Njombe anaielewa sayansi hii bila kitabu. Mwezi wa Juni mafuta ya kupikia huganda chupani mpaka uyasogeze kando ya moto, na asali haishuki hata ukiipindua chupa. Oili ya gari haigandi hivyo kwa baridi yetu, lakini huwa nzito, na pampu yake na pistoni hulazimika kufanya kazi ya ziada kuisukuma. Kazi hiyo hailipwi na mtu mwingine. Hulipwa na petroli.

Hapo ningeweza kuishia, nikasema oili ndiyo mwizi. Lakini nilikuwa nimekwisha kuungua mara moja kwa kumshika wa kwanza niliyemwona. Mwanangu aliye Dar es Salaam alinitafutia takwimu za Idara ya Nishati ya Marekani. Wanasema kwamba kutumia oili ya 10W-30 kwenye injini iliyoundwa kwa 5W-30 hupunguza umbali wa gari kwa asilimia 1 hadi 2 tu. Yangu ilikuwa nzito zaidi ya hiyo, na asubuhi zetu za Juni huweza kuwa nyuzi 5 au 6, umande ukiganda mabondeni. Hata kama nikiiongezea hatia mara mbili au tatu, oili haifiki kwenye upungufu wangu wa zaidi ya asilimia 20. Kumbe mwizi hakuwa mmoja. Walikuwa genge.

Wa pili alikuwa kile kidude. Kinaitwa thamostati, nacho ni kilango kidogo kinachojifungua chenyewe. Injini ikiwa baridi, kilango hufungwa ili maji yasiende kwenye rejeta na injini ipate joto haraka. Maji yakifika nyuzi 80 na kitu, hufunguka. Ukikitoa, maji huzunguka kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza, na katika baridi ya Njombe injini haipati joto lake kamili hata ifike sokoni na kurudi. Injini baridi hupewa petroli zaidi na kompyuta yake, kwa kuwa petroli haigeuki mvuke vizuri kwenye baridi. Na oili nayo hubaki nzito safari nzima. Fundi yule hakuwa mtu mbaya. Alitibu joto la siku moja ya matope kwa kuliacha gari litetemeke mwaka mzima. Kilango kikiharibika, dawa ni kuweka kingine kizima. Kijana wangu alikuwa ameniambia hivyo hivyo, kwa lugha ya mshale wa geji, na mimi nikamwambia asibadili mada.

Wa tatu alikuwa safari fupi. Idara hiyo hiyo ya Marekani inasema kwamba gari la petroli katika safari fupi za mjini, kwenye nyuzi 7 chini ya sifuri, hupoteza kama asilimia 15 ya umbali wake likilinganishwa na siku ya nyuzi 25, na kwamba safari za kilomita tano au sita huweza kupoteza hadi asilimia 24. Sisi hatufiki kwenye baridi hiyo. Lakini safari zetu za sokoni zilikuwa za kilomita tatu, gari likiwashwa baridi, likizimwa baridi, likilala mchana kutwa na kuwashwa baridi tena. Kutoka Njombe hadi Makambako ni kilomita 60 hivi za lami. Injini ikishapata moto, hata kabla ya kumaliza mashamba ya chai na miwati ya Kibena, kilomita zote zilizobaki ni za faida. Kutoka nyumbani hadi sokoni hakuna kilomita ya faida hata moja.

Wa nne ni upepo wa tairi. Kila hewa inaposhuka nyuzi 5 au 6, tairi hupoteza karibu paundi moja ya upepo. Tairi zilizojazwa mchana wa joto mwezi Januari na kusahauliwa, alfajiri ya Juni zimekwisha kulegea, nazo huliburuza gari. Nilizipima: zote nne zilikuwa chini.

Julai 2017 nilirudisha thamostati peke yake, kisha nikasubiri mwezi mmoja. Kilomita zikapanda hadi 11 na nusu. Agosti nikabadili oili, nikatia 10W-30, na zikapanda tena kidogo. Lakini sidai kwamba yote ilikuwa oili, maana Agosti baridi nayo ilianza kulegea. Jaribio la haki lilikuwa Juni iliyofuata, baridi kwa baridi. Nilipima tairi kila Jumamosi. Niliacha tabia ya kulinguruma gari dakika kumi kabla ya kuondoka. Nusu dakika yatosha, kisha liende polepole mpaka lipate moto. Tukaunganisha safari za soko na za kanisani na za zahanati kuwa mzunguko mmoja. Juni 2018 gari lilikwenda kilomita 600 kwa lita 50. Kilomita 12 kwa lita, katika mwezi ule ule uliokuwa umenipa 10.

Msomaji asichukue hapa kwamba oili nyepesi ni dawa ya kila gari. Jirani yangu ana Land Rover kongwe iliyolegea pistoni, na akiitia oili nyepesi inaichoma yote ikitoa moshi wa buluu. Malori yapitayo Makambako kwenda Tunduma yana injini za dizeli na mahitaji yake. Na ndugu zetu wa Dar es Salaam, ambako alfajiri ya Juni ni kama nyuzi 20, hawaumizwi na oili nzito kama sisi. Neno langu ni kwamba usome kitabu cha gari lako, hata kama namba ndizo tu unazoweza kuzisoma, na usikubali gari lako lipimwe kwa umri wa mwenyewe.

Lakini gari si jambo kubwa katika habari hii.

Nilijua ukweli Juni 2017. Nilikwenda Makambako mwishoni mwa Agosti. Miezi miwili yote hiyo nilijiambia kwamba bado nafanya uchunguzi. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Nimewaambia watoto wengi sana waombe radhi mbele ya mstarini, na sikuwa nimewahi kuhesabu jinsi hatua zile chache kutoka mstarini hadi mbele zilivyo ndefu.

Nilianza kwa mama yake, kwa kuwa yeye ndiye niliyempelekea sumu. Alinikaribisha, akanipa kiti, akaniamkia, “Kamwene.” Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha, mwanao hakuniibia. Alinyamaza kidogo, akasema, “Mwalimu, mimi nilijua. Lakini hapa jirani walisikia, na ukweli wako hawataupata kwa simu.” Basi akawaita majirani wawili, na mimi, mzee wa watu, nikasimama uani nikalirudia neno langu mbele yao. Lilikuwa neno fupi. Liliniuma kuliko upasuaji wa macho.

Kijana alifika jioni. Alikuwa utingo wa lori, mikono ina grisi. Akasema, “Shikamoo, Mwalimu,” kama zamani. Nikampa mshahara wake wa mwezi ule na nyongeza, kisha nikamfungulia daftari nikamwonyesha hesabu zote. Alizisoma taratibu, akifuata mistari kwa kidole. Alipofika kwenye thamostati akacheka kidogo. Akasema, “Mwalimu, hesabu umepata mia. Ila karatasi umeileta muda umekwisha.” Pesa aliipokea. Nilipomwomba arudi kazini, alikataa kwa upole. Sikumlaumu. Mtu aliyeitwa mwizi katika nyumba fulani, hata akisafishwa, huhesabu vijiko kila anapokula humo.

Sasa ni dereva kamili wa lori. Nipitapo Makambako humsalimu mama yake, na mara mojamoja yeye hunipigia simu kuniuliza hali ya mzee na hali ya Corolla, kwa mpangilio huo.

Daftari bado ninalo. Zamani lilikuwa na safu tatu: tarehe, kilomita, lita. Sasa nimechora safu ya nne, pana kuliko zote, nikaiandika juu “Mengineyo”. Humo naandika kama kulikuwa na baridi, kama njia ilikuwa na matope, kama safari zilikuwa fupi, na nani alisema nini kuhusu gari. Mwezi uliopita mjukuu aliyekuwa akiniendesha aliniambia kwamba breki ya nyuma inanusa moto. Nilikuwa karibu kumwambia kwamba ni mawazo yake. Nikachukua kalamu, nikaandika alivyosema, kisha tukashuka pamoja kwenda kuitazama.